Mlango wa banda la gari: fedha inakwenda wapi?

Katika fomu nyingi za mikopo ya kutengeneza nyumba, mwombaji huandika neno moja tu, "mlango", na mbele yake kiasi cha fedha. Kamati ikiuliza kiasi hicho kimepatikanaje, jibu huwa fupi: "Fundi kasema." Kamati nayo hutazamana, huidhinisha au hupunguza kwa kukisia, na mkopo hutolewa bila mtu yeyote kujua kilo ngapi za chuma zinanunuliwa. Katika toleo hili tumeona vema kueleza hesabu ya mlango mmoja mkubwa wa nyumba ya kuishi, yaani mlango wa banda la gari, ili mwanakikundi aweze kukaa na fundi wake na kuhesabu pamoja naye. Wapendwa mnaukumbuka mfano wa mtu wa mnara katika Luka 14. Hapa tunafanya hesabu ileile, ila mnara wetu una bawaba.

Kwa wengi wetu "gereji" ni mahali pa kupeleka gari bovu. Lakini nyumba nyingi za mijini zilijengwa zikiwa na banda la gari pembeni, na leo ukifungua mabanda hayo mara nyingi hukuti gari. Utakuta cherehani tatu, au friji ya soda, au mashine ya kusaga, au magunia ya mahindi ya kikundi. Banda limegeuzwa fremu ya kupangisha au ghala. Ndiyo maana mlango wake si jambo dogo. Ukilegea, kinachoibwa ni riziki ya watu, tena mara nyingi ni vitu vilivyonunuliwa kwa mkopo ambao bado unalipwa.

Tumeamua kutoandika bei za vifaa kwa shilingi. Jarida hili hukaa mezani miezi mitatu, na chuma bapa kinachouzwa kwetu kwa sehemu kubwa huingia kwa meli kutoka ng'ambo, hivyo bei yake hufuata dola na mafuta. Tutahesabu kwa vipande, futi na kilo, ambavyo havibadiliki. Bei utaijaza mwenyewe siku unapokwenda dukani.

Kwanza, je, mlango umekufa kweli?

Swali hili ndilo linalookoa fedha nyingi kuliko mengine yote, na ndilo ambalo fundi hana sababu kubwa ya kukuuliza. Mlango wa chuma haufi wote kwa siku moja. Huanzia chini, pale maji ya mvua yanaporukia, pale dada anapopiga deki kila asubuhi, na pale udongo unaporundikana na kushika unyevu. Maji huingia ndani ya paipu ya chini na kukosa pa kutokea, kisha kutu hula kutoka ndani kuja nje. Rangi ikianza kuvimba kama malengelenge, ujue paipu ndani imekwisha zamani. Kwa wenzetu wa pwani, hewa ya chumvi huharakisha kazi hiyo.

Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga mlango kuanzia juu kushuka chini. Penye chuma kizima sauti hulia. Penye kutu sauti hufa. Kisha sukuma bisibisi kwenye sehemu zenye malengelenge. Kama inapenya futi moja ya chini tu, na juu kote chuma ni kizima, mlango huo unahitaji kukatwa sehemu ya chini na kuungwa upya. Tazama tofauti yake: kwa mlango wa futi 8 kwa upana, ukarabati huo unahitaji ukanda wa shiti wa futi 1 kwa futi 8, ambao ni robo ya shiti nzima, na futi kama 12 za paipu, ambazo zinatoka katika paipu moja. Mlango mpya, kama tutakavyoona, unakula shiti mbili na paipu tano.

Mlango ukigoma kufunga, au ukikwaruza sakafu, usikimbilie kusema umepinda. Shika ubao mmoja, unyanyue kidogo, umwombe mtu atazame bawaba. Kama bawaba inacheza, ni bawaba. Kama bawaba imetulia ila fremu inasogea pamoja na vipande vya lipu, basi tatizo liko ukutani, na hapo mlango mpya hautasaidia kitu: utaning'inia kwenye ukuta uleule na baada ya msimu mmoja utakwaruza vilevile. Kazi inayotakiwa ni ya mwashi, kubomoa kidogo kuzunguka miguu ya fremu na kumwaga zege. Ni ya bei nafuu kuliko mlango, lakini fundi wa kuchomelea hawezi kuiuza kwa sababu si kazi yake.

Hesabu ya chuma

Sasa tuseme mlango umekwisha kweli. Tuchukue uwazi wa futi 8 kwa upana na futi 7 kwa kimo, wa mbao mbili zinazofunguka katikati, kila ubao futi 4. Kipimo hiki hatukukichagua ovyo. Shiti ya chuma huuzwa kwa futi 8 kwa futi 4. Ukisimamisha shiti mbili ubavu kwa ubavu umeziba upana wote, na kwa juu unakata futi moja tu. Lakini uwazi ukiwa wa futi 9, shiti mbili hazitoshi, na futi moja hiyo ya ziada inakulazimisha kununua shiti ya tatu. Anayejenga sasa hivi na bado hajainua ukuta wa banda, azungumze na mwashi wake juu ya futi hiyo moja.

Paipu za mraba, zile ambazo mafundi huziita skwea paipu, kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6, yaani karibu futi 20 kasoro kidogo. Kila ubao unahitaji miimo miwili ya futi 7 na vipande vinne vya kulala vya futi 4: cha juu, cha chini, na viwili vya katikati. Fremu ya ukutani inahitaji miimo miwili ya futi 7 na kipande cha juu cha futi 8. Panga hivi: paipu ya kwanza na ya pili, kila moja inatoa futi 7, futi 7 na futi 4. Ya tatu inatoa vipande vinne vya futi 4. Ya nne inatoa viwili vya futi 4 na kile cha futi 8 cha fremu. Ya tano inatoa miimo miwili ya fremu. Jumla paipu tano, na masalio ni madogo. Fundi anayekuandikia paipu saba si lazima awe mwongo. Huenda anataka fremu nene zaidi, au ameona ukuta wako hauko timazi. Lakini muulize akuoneshe mikato kwenye karatasi. Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

Baada ya idadi kuna unene, na hapa ndipo watu wengi huumizwa bila kujua. Unene wa shiti hutajwa kwa geji, na geji huhesabiwa kinyume: namba ikiwa kubwa, shiti ni nyembamba. Geji 16 katika kipimo cha zamani cha Waingereza ni karibu milimita 1.6, geji 18 ni milimita 1.2, na geji 20 ni milimita 0.9. Kwa macho, hasa ikishapakwa rangi, geji 16 na geji 18 zinafanana kama mapacha. Kinachozitofautisha ni mzani. Shiti ya futi 8 kwa 4 yenye milimita 1 ina uzito wa kilo 23 hivi. Ya milimita 1.2 ina kilo 28. Ya milimita 1.5 ina kilo 35. Hizi si siri za duka, ni uzito wa chuma chenyewe. Anayelipia shiti mbili za milimita 1.5 na kupelekewa za milimita 1.2 amepoteza kilo 14, sehemu moja katika tano ya chuma alichonunua. Duka kubwa la vifaa vya ujenzi huwa na mzani wa misumari. Omba shiti ipimwe.

Je, shiti nene ndiyo bora daima? Sisi hatudhani hivyo. Kwa fremu ya biashara iliyo barabarani, milimita 1.5 ina maana. Kwa banda lililo ndani ya ua wenye ukuta, milimita 1.2 inatosha, na fedha inayobaki ni bora iende kwenye bawaba, komeo na rangi. Mwizi mara chache hutoboa shiti. Hukata kufuli au hung'oa bawaba.

Kuhusu bawaba, kuna hesabu ndogo inayofaa kujulikana. Mlango wetu wa milimita 1.5, pamoja na paipu zake, unakaribia kilo 94, yaani kilo 47 kila ubao. Uzito wa ubao hukaa katikati yake, futi 2 kutoka kwenye bawaba. Kama bawaba ya juu na ya chini zimeachana mita moja na nusu, ile ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 19 hivi. Sasa mwenye nyumba akisema, "Mimi nataka ubao mmoja mpana wa futi 8, unapendeza," uzito unakuwa mara mbili na umbali unakuwa mara mbili, kwa hiyo mvuto wa bawaba unakuwa mara nne, karibu kilo 76, usiku na mchana. Hiyo ndiyo sababu milango mipana ya ubao mmoja huinama mapema. Ikibidi kuwa na ubao mmoja, uwekewe gurudumu chini, na gurudumu nalo lina gharama yake na sakafu yake ya zege.

Shata na milango ya springi

Wapo wanaopenda shata, ile ya kukunja kwenda juu. Ni nzuri mahali ambapo milango ya mbao mbili ingeziba njia ya watu. Huuzwa kwa mita ya mraba, na ikigongwa, vipande vilivyopinda vinaweza kubadilishwa bila kununua nyingine nzima. Ulizia hilo kabla ya kununua.

Katika nyumba mpya za wenye uwezo imeingia milango ya kupanda darini kwa mapande, ikisaidiwa na springi na mota. Springi za kawaida za milango hiyo hutengenezwa kudumu takriban mifunguo 10,000. Nyumba inayofungua mara nne kwa siku inafikisha idadi hiyo karibu mwaka wa saba, na springi hukatika hata kama mlango bado unang'aa. Gharama ya kubadilisha springi isichanganywe na gharama ya kubadilisha mlango. Lakini tunaonya kwa nguvu: springi hiyo imekazwa kubeba uzito wa mlango wote, na anayeifungua kwa spana ya kawaida bila ujuzi anaweza kupoteza vidole au jicho. Hii si kazi ya kijana wa jirani.

Na kwa wale wanaoletewa mota na ndugu walioko Marekani: umeme wa huko majumbani ni volti 120, wa kwetu ni 230. Mota hiyo bila transfoma itaungua siku ya kwanza. Pia, sheria ya Marekani inataka mota za milango ya nyumba zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya kuzuia mlango kumbana mtu, kwa kuwa watoto walikufa chini ya milango hiyo. Mota kuukuu ya kabla ya hapo, hata ukipewa bure, iache.

Gharama zisizoandikwa

Orodha ya fundi kwa kawaida huishia kwenye shiti, paipu, bawaba, komeo, vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia, rangi na ufundi. Nje ya orodha kuna gari la kubebea, kwa maana paipu ya mita 6 haipandi bajaji. Kuna mwashi wa kung'oa fremu ya zamani, saruji, mchanga, na lipu ya kurudishia. Kuna mlinzi wa usiku mbili au tatu wakati uwazi hauna mlango, au kazi ya kuhamisha mali kwenda kwa jirani. Zege la miguu ya fremu likae siku 7, likimwagiwa maji, kabla ya kubebeshwa mlango. Anayetundika kesho yake analegeza alichojenga jana.

Kuna pia umeme. Kama fundi anachomelea nyumbani kwako, anatumia LUKU yako. Mashine inayovuta kilowati 4 ikiwaka saa 2 imekula uniti 8. Si nyingi, lakini nyumba ya wapangaji wanne wanaochangia mita moja inaweza kugombana kwa uniti 8. Elewaneni mapema. Na watoto wasisogezwe karibu kutazama ule mwanga. Usiku macho yatawawasha kama yamejaa mchanga, na hakuna anayekumbuka kuweka dawa ya macho kwenye bajeti ya mlango.

Rangi ndiyo hupunguzwa kwanza fedha ikipungua, nasi tunasema ingepunguzwa mwisho. Chuma kisuguliwe kutu na mafuta, kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, ndani na nje, na hasa ukingo wa chini, kabla ya kutundikwa, maana ukishatundikwa hakuna brashi itakayofika huko. Mwambie fundi atoboe matundu mawili madogo chini ya paipu ya chini ili maji yatoke, na aache nafasi ya sentimita mbili kutoka sakafuni. Matundu hayo hayagharimu kitu.

Nani alipe?

Tuchukue mfano wa mama mpangaji anayeshona sare za shule katika banda lililogeuzwa fremu. Ni Novemba, vitambaa vya wazazi vimeshaletwa, na mlango unafungwa kwa waya. Mwenye nyumba anasema hana fedha. Mama anaweza kukopa kwenye kikundi. Tuseme gharama yote ni shilingi 600,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya mkopo wa awali, kwa miezi 6. Riba itakuwa 72,000, na atarudisha 112,000 kila mwezi kuanzia Desemba. Msimu wa sare unaweza kubeba Desemba na Januari. Machi na Aprili je? Kamati iulize swali hilo kabla, si Machi.

Na mlango huo ni wa nani? Umechomelewa kwenye ukuta wa mtu. Mama akihama, hauondoki naye. Kama kodi ni 60,000 kwa mwezi na wamekubaliana nusu ikatwe, mlango wa 600,000 utalipwa kwa miezi 20. Wakikubali na riba ihesabiwe, ni miezi 22 na siku kadhaa. Hayo yaandikwe, yasainiwe na wote wawili mbele ya shahidi, mjumbe au mzee wa kanisa, na yaseme wazi kwamba kodi haitapanda wala mpangaji hataondolewa kabla deni halijaisha. Tunajua wengi wanaona aibu kumwandikisha mwenye nyumba wanayesali naye. Karatasi huwalinda wote wawili, pamoja na warithi wao.

Kwa fundi, njia iliyo salama zaidi ni mwenye kazi kwenda dukani pamoja naye, kulipa vifaa mwenyewe, na kuchukua risiti. Ufundi ulipwe kwa mafungu, na fungu la mwisho lisitoke kabla mlango haujatundikwa, kupakwa rangi na kufungwa kwa ufunguo mara kumi bila kugoma.

Jambo moja la kufuli haliwezi kupimwa kwa fedha. Mabanda mengi yaliyogeuzwa fremu watu hulala humo, kijana wa kulinda au fundi cherehani mwenyewe wakati wa msimu. Mlango ufunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Katika moto wa shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Komeo la ndani la kuvuta kwa mkono ni rahisi kuliko kufuli la pili. Na usikubali kufungiwa kwa nje na mlinzi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Mwisho, mlango wa zamani. Mafundi wengi huuchukua "wakautupe". Mlango huo una kilo zake, na wanunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo. Ukiondoa sehemu iliyoliwa na kutu, bado unaweza kubaki na kilo 60 au zaidi. Upime, uuze, na fedha hiyo uitoe kwenye jumla kabla hujaandika kiasi cha mkopo. Vilevile masalio ya shiti na paipu mpya ni mali yako: vipande viwili vya futi 1 kwa futi 4 vilivyokatwa juu vinatosha kutengeneza kisanduku cha kufunika kufuli lisifikiwe na msumeno, na fundi asikuandikie shiti nyingine kwa ajili hiyo.